Kuonja Si Kula

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, babu yangu aliniletea kidole. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, akanyoosha mkono wa kushoto na kugeuza uso upande wa pili. Mtu aliyedungwa na nyuki maisha yake yote alikuwa anaogopa kisindano kilicho kidogo kuliko mwiba wa samaki. Nilimchoma, tone la damu likachomoza, nikaligusisha kwenye kijikaratasi kilichochomekwa kwenye kipimo cha sukari, kisha tukasubiri namba.

"Haya, Karani," aliuliza, bado amegeuka. "Inasemaje?"

"Kumi na tatu, babu."

"Mashine hiyo nayo ina chuki na mimi."

Nilicheka, nikaandika. Ukarani nilipewa siku babu alipoambiwa kliniki kwamba ana kisukari. Muuguzi alinikabidhi daftari lenye jalada la bluu, akaniambia niandike namba ya asubuhi, na chini yake kila kitu kinachoingia mdomoni mwa babu mpaka jioni. Alinichagua mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa sababu mama ni fundi cherehani na huondoka mapema kwenda karakana. Kuhusu babu mwenyewe, muuguzi alisema wazee wakipewa kalamu huandika kile tu kinachowapendeza. Nilijiona mtu mkubwa. Hata mwandiko wangu ulinyooka.

Watu walimwita babu yangu Babu Nyuki. Alikuwa na mizinga ishirini na miwili kwenye miti ya mteremko ulio nyuma ya nyumba yetu, na kando ya jiko palikuwa na chumba cha kuchujia asali. Ndani yake palikuwa na meza ndefu, ndoo zenye vifuniko, vitambaa vyeupe vya kuchujia vilivyoanikwa kwenye kamba, na harufu ya nta isiyotoka hata ukipiga deki mara tatu. Hapo ndipo masega yalipokandwa na kuning'inizwa kwenye vitambaa, asali ikashuka taratibu, haina haraka na mtu.

Watu walikuja kwa babu kununua, lakini wengi walikuja pia kuuliza. Mwenye kikohozi aliambiwa alambe kijiko kabla ya kulala, kitamlainishia koo, na kikohozi kikizidi wiki mbili aende hospitali, asije tena kwake. Mwenye kidonda alifukuzwa moja kwa moja aende akaoshwe na wauguzi. Siku moja alikuja mama mmoja amebeba mtoto wa miezi saba anayekohoa. Babu alimwangalia mtoto, akafunika ndoo.

"Huyu hajatimiza mwaka," alimwambia. "Tumbo lake halijakomaa. Kuna vijidudu vinavyoweza kujificha ndani ya asali, wewe na mimi havitufanyi kitu, yeye vinaweza kumlegeza mwili mzima. Mpeleke kliniki, mwanangu. Akifika miaka miwili njoo, nitakupa ya kwangu mwenyewe."

Yule mama aliondoka amenuna. Mimi nilijawa na fahari. Nilijiambia kwamba hakuna mtu anayeijua asali kama babu yangu, na mpaka leo sijabadilisha mawazo hayo, ingawa nimeyaongezea kitu.

Kazi aliyoipenda babu kuliko zote ilikuwa kuonja. Asali ambayo hakuionja haikutoka mlangoni kwetu. Alichota kijiko cha chai kikiwa kimejaa, akakizungusha mdomoni, akafumba macho, akameza. Kutema alikataa katakata, maana alisema asali husema ukweli wake ikishapita kooni. Kwa njia hiyo alijua kama nyuki walikwenda kwenye maua ya mlimani au ya mashamba ya chini, kama moshi ulizidi wakati wa kurina, kama asali ilikuwa changa na ina maji mengi kiasi cha kuchacha chupani. Kila ndoo aliionja ilipoanza kuchuja, akaionja ilipotulia, akaionja tena kabla ya kuifunga.

Jioni ya kwanza ya msimu wa kurina, nilishika kalamu nikamuuliza niandike vijiko vingapi.

"Vijiko vya nini?"

"Vya asali, babu. Nimeona."

"Ile ni kazi, mjukuu wangu. Fundi seremala akipuliza vumbi la mbao, utaandika amekula mbao? Kuonja si kula."

Nilifikiri kidogo, nikaona ana hoja. Nikaandika mlo wake wa jioni: wali kidogo, maharage, mchicha, chai isiyo na sukari. Ile chai alikuwa anainywa amekunja uso kama anayetumikia adhabu, na mimi nilimhurumia sana kwa hiyo chai. Pengine ndiyo sababu sikumbishia.

Msimu ulipamba moto, na namba za asubuhi zikawa zinapanda. Kumi na tatu, kumi na nne, siku moja kumi na tano nukta mbili. Babu alianza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto, na usiku aliamka mara nne kwenda haja ndogo. Mama aliliangalia daftari langu akatingisha kichwa. Chakula kilikuwa safi kabisa. Hakuna mtu aliyekuwa anakula vizuri kuliko babu yangu, kwa mujibu wa maandishi yangu.

Shuleni, wiki hiyohiyo, mwalimu wa sayansi alitufundisha vyakula vya kutia nguvu. Aliandika ubaoni kwamba katika kila gramu mia za asali, karibu themanini ni sukari, kumi na saba hivi ni maji, na kidogo kinachobaki ni madini, vitamini na vitu vinavyoipa kila asali rangi na ladha yake. Akaeleza kwamba nyuki huwa wameshaivunjavunja ile sukari wakati wanaitengeneza asali, kwa hiyo ukiimeza haichelewi kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mkimbiaji aliyechoka akilamba kidogo huchangamka.

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Alinigeukia palepale.

"Babu yako si ana sukari? Na si analamba kutwa nzima? Mimi nimemwona."

"Anaonja," nilimjibu. "Kuonja si kula."

"Kwani kijiko chake kina tundu?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, na siku mbili sikuzungumza na Redio. Nilijua kwa nini nimekasirika. Alikuwa amesema kitu nilichokuwa nimekijua tangu ile jioni ya kwanza, na nilikuwa nimekifunika kama babu anavyofunika ndoo.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alipitia daftari ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alinisifu kwa mwandiko. Kisha akakunja paji la uso, akasema chakula hakina kasoro, basi dawa ndiyo haitoshi. Akaingia kwa daktari na daftari langu mkononi, akatoka na karatasi. Badala ya kidonge kimoja asubuhi, babu sasa ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Kabla hatujaondoka alinishika bega akanieleza jambo moja taratibu, akanitaka nilirudie. Dawa hizi zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Nikimwona babu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaongea vitu visivyoeleweka, nimpime. Ikiwa chini ya nne na anaweza kumeza, nimpe kitu kitamu haraka, ningoje dakika kumi na tano, nimpime tena. Kama hawezi kumeza, nisimwekee kitu mdomoni, nipige kelele watu waje.

Nililirudia neno kwa neno. Mdomo ulikuwa wazi, na sentensi nyingine moja ilikuwa tayari nyuma ya meno: sista, kuna vijiko sijaviandika. Nilimtazama babu. Alikuwa anavaa kofia yake, mzee wa watu anayeheshimiwa mtaa mzima. Nikafunga mdomo.

Wiki tatu baadaye msimu ulikwisha. Ndoo ya mwisho ilifungwa, kijiko kikaoshwa na kutundikwa ukutani. Namba zikaanza kushuka: kumi, nane, sita. Tulifurahi sana. Babu aliisifu dawa mpya kwa kila aliyepita, na mimi nikajiambia kwamba mambo yamejinyoosha yenyewe. Wala haikunijia akilini kujiuliza kwa nini yalianza kunyooka siku kijiko kilipopanda ukutani.

Jumamosi moja mama alikuwa karakana. Babu alikuwa chumba cha kuchujia tangu asubuhi, anakwangua nta kwenye ndoo na kuziosha kwa maji ya moto. Nilimwita mara mbili aje kula chakula cha mchana. Alijibu kwamba amebakiza ndoo moja. Mara ya tatu hakujibu.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shati lilikuwa limelowa jasho, na chumba kile huwa na baridi. Mikononi alikuwa na kifuniko, anajaribu kukifunga hewani, mahali ambapo hapakuwa na ndoo.

"Babu?"

Aliinua macho, akaniuliza kama cherehani imetengenezwa. Alidhani mimi ni mama.

Mwanzoni nilifikiri ananitania, maana utani ndio chakula chake. Kisha nikaona midomo inavyotetemeka. Nilikimbia nikaleta kipimo. Safari hii kidole nilikishika mwenyewe, na babu hakugeuza hata uso. Mbili nukta sita. Sijawahi kuiona namba ndogo namna ile.

Nilimpa funda la maji, akameza. Basi anaweza kumeza. Sasa kitu kitamu. Nyumbani kwetu hapakuwa na sukari hata chembe, mama alikuwa ameitoa yote siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya ndoo za asali, kushoto asali, kulia asali, na kwa sekunde kadhaa niliogopa kuigusa. Tangu siku ile ya Redio nilikuwa nimeichukia. Halafu nikakumbuka ubao wa mwalimu: haichelewi kuingia kwenye damu. Nilichukua kijiko kikubwa, nikachota, nikakipeleka mdomoni mwake.

Babu alitikisa kichwa. "Msimu umekwisha," alisema kwa ulimi mzito.

"Si kuonja, babu. Kula."

Akala.

Zile dakika kumi na tano ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Nilimshikilia asianguke, macho kwenye saa ya ukutani, huku nikimpigia mama kwa simu ya babu. Taratibu mikono yake ikatulia. Jasho likakauka. Akaniangalia, na safari hii aliniona mimi.

"Karani, mbona unalia?"

Nilimpima: nne nukta nne. Nikamletea wali na maharage vilivyokuwa vimepoa, akala vyote. Mama alifika anahema, amesahau hata kuvua utepe wa kupimia nguo shingoni. Alikodi gari tukaenda kliniki, maana vidonge vilikuwa bado vinafanya kazi mwilini, na sukari ingeweza kushuka tena.

Muuguzi alimlaza babu kitandani, wakawa wanampima kila baada ya muda. Kisha akavaa miwani, akafungua daftari langu.

"Sielewi," alisema. "Chakula ni kilekile. Dawa ni ileile. Mwezi uliopita kumi na nne, leo mbili. Mzee, unaruka milo?"

Babu alisema leo tu alichelewa. Muuguzi akafikiri, akasema labda kipimo chetu kimeharibika, tutapewa kingine, na tuendelee na vidonge vilevile mpaka kliniki ijayo.

Niliposikia tuendelee vilevile, nilimwona babu kwenye ile ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa Jumamosi, ndiyo maana nilikuwepo. Jumatatu ningekuwa darasani. Mama angekuwa kwenye cherehani. Nani angekuwa na kijiko?

Nikamtazama babu. Naye alikuwa ananitazama.

"Sista," nilisema, na sauti ilitoka ndogo, "kipimo ni kizima. Daftari langu ndilo bovu."

Nilieleza yote. Vijiko, ndoo, mara tatu kwa kila ndoo. Nilieleza kwamba kwenye siku za kurina vilifika vijiko ishirini na zaidi, nami nilivihesabu kichwani kila siku bila kuandika. Mama aliweka mkono mdomoni. Nilipomaliza, niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilikuwa nimemvua nguo babu yangu mbele ya watu.

Babu alijiinua kitandani kwa kiwiko.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Aliniuliza mapema, mimi ndiye niliyemwambia kuonja si kula. Nilijidanganya mwenyewe, halafu nikamwajiri na yeye."

Muuguzi hakumkaripia. Alichukua kalamu, akahesabu pembeni mwa ukurasa. Kijiko kimoja cha chai cha asali, kikijaa, kina sukari kama kijiko kimoja na nusu cha sukari yenyewe, kwa sababu asali ni nzito. Ishirini ni kama thelathini.

"Mzee, nikikuletea hapa kikombe cha chai chenye vijiko thelathini vya sukari, utakunywa?"

"Hapana. Lakini sista, asali ni dawa. Watu wanatoka mbali."

"Ni dawa. Leo imekuokoa, sibishani nawe. Lakini dawa yoyote ina kipimo chake na ina mtu wake. Kidonge hiki kinachokusaidia, nikimpa mjukuu wako nitamuua. Na sisi tulikuongezea dawa kwa ajili ya sukari tusiyoiona kwenye daftari. Msimu ulipokwisha, ile sukari ikaondoka, dawa ikabaki. Unaona ilipotokea hatari? Asali peke yake isingekufikisha hapa leo. Kuificha ndiko kulikokufikisha."

Nikakumbuka kitu, nikakisema kabla sijaogopa.

"Babu, wewe mwenyewe humuuzii mama mwenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Unasema tumbo lake halijakomaa."

"Nasema hivyo, ndiyo."

"Basi na wewe..."

Sikumalizia. Babu alianza kucheka, kicheko kidogo cha kifuani, halafu machozi yakamlengalenga. Alisema wahenga walishasema mchovya asali hachovyi mara moja, na yeye miaka yote alidhani wanawasema walafi.

Tulirudi nyumbani na karatasi mpya ya dawa, kidonge kimoja kama zamani. Njiani babu aliongea mara moja tu. Alisema kama hataonja, hajui yeye ni nani kwenye chumba kile. Mama alimshika mkono. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kwa miezi kadhaa kijiko kilikaa ukutani. Namba za asubuhi zilitulia kwenye sita na saba, moto wa nyayo ukapungua, naye akaanza kulala usiku mzima. Daftari langu sasa lilikuwa na kila kitu, hata karanga tano alizookota kwenye sahani ya Redio, maana tulikuwa tumeshapatana, na Redio mwenyewe ndiye aliyemchongea babu.

Kisha maua yakachanua tena, na siku ya kwanza ya kurina ikafika. Nilimkuta babu amesimama mbele ya ndoo tatu zilizotulia, mikono nyuma. Alisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe alikitoa kijiko ukutani, akakichovya ncha tu, akanipa.

"Usimeze haraka. Zungusha. Fumba macho."

Nilifumba.

"Haya. Inasemaje?"

Sikujua niseme nini, nikasema ni tamu. Babu akaguna. Akaniuliza utamu umeanzia wapi, mbele ya ulimi au pembeni. Ikipita kooni inakwaruza au inateleza. Imeacha nini nyuma. Nilianza kutafuta, na kweli, nyuma kabisa palikuwa na uchungu mdogo, kama ule wa ganda la chungwa. Nilimwambia.

"Maua ya mlimani," alisema, na alikuwa amefumba macho naye. Koo lake lilimeza ingawa mdomoni hapakuwa na kitu. "Endelea."

Nikasukutua kwa maji, nikaonja ndoo ya pili. Nzuri. Ya tatu ilikuwa na uchachu kwa mbali. Nilisita, kwa sababu ilikuwa ndoo kubwa kuliko zote, nikasema ukweli. Babu hakuinusa wala hakuigusa. Alichukua chaki akaweka alama ya kuitenga.

"Huihakikishi, babu?"

"Ulimi wangu umeshastaafu. Wako nimeuona ukifanya kazi kule kliniki, siku ambayo kusema kulikuwa kugumu kuliko kunyamaza. Mimi naifahamu kazi yake, naufuata."

Akaniwekea daftari la bluu mezani, na kalamu juu yake.

"Andika."

"Niandike nini, babu? Leo hujala hata tone."

"Mimi sijala. Wewe umekula ncha tatu za kijiko." Akakitundika kijiko mahali pake. "Kuonja ni kula, mjukuu wangu. Andika."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika.